Niliitwa Kuchukua Majibu ya Damu Ambayo Sikuitoa

Nilipigiwa simu nikiwa kazini. Nikaambiwa majibu ya damu yangu yamerudi kutoka Dar, daktari anataka kuniona leo leo.

Shida ni moja tu. Sikuwa nimetoa damu.

Si mwezi ule, si mwaka ule. Mimi sindano naiogopa kama nini. Hata malaria ikinishika naomba vidonge.

"Wewe si Insiya Jaffer?" dada wa mapokezi akauliza.

"Ndimi."

"Basi ni wewe. Njoo kabla daktari hajatoka. Na usije peke yako."

Aisee. Hapo kwenye "usije peke yako" ndipo nilipofunga faili nikainuka.

Mimi ni karani, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Tuko Raskazone, hapa Tanga, kwenye moja ya zile nyumba za zamani zenye kuta nene. Nikamwambia bosi siko sawa. Wala hakuuliza. Uso wangu ulishamjibu.

Nikachukua bajaji. Peke yangu. Ningemchukua nani? Mume alishaniacha, nimerudi kwa mama yangu Ngamiani. Kazini sina wa kumwambia mambo kama hayo.

Njia nzima nilikuwa natazama baharini na sioni kitu. Sikuwa na hofu. Sikuwa na chochote. Nilikuwa kama mtu anayesubiri chai ipoe.

Hospitali yenyewe siitaji. Ni ya binafsi, basi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, anaitwa Leticia. Miwani inaning'inia kifuani kwa mkufu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nani?"

"Mwenyewe."

Akavuta kiti chake kutoka nyuma ya meza, akaja kukaa karibu yangu. Daktari akihama meza, ujue mambo si mazuri.

"Aliyekuona mara ya kwanza ni mwenzangu, yuko likizo," akasema. "Mimi nimesoma alichokiandika, nikasoma na majibu. Nitakueleza taratibu. Usiposhika, niulize."

"Daktari, mimi sijatoa damu."

Akanishika mkono. "Najua ni vigumu."

Yaani akadhani nakataa kuukubali ugonjwa. Nikamwacha aendelee. Wakati mwingine mtu akishaanza kukuonea huruma, kumkatiza unaona haya.

Akaniambia nina ugonjwa unaitwa lupus. Kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na maradhi, inageuka kuupiga mwili wenyewe. Hauambukizi. Hauponi ukaisha kabisa, lakini unatulizwa, mtu anaishi.

"Sasa, watu wawili wanaweza kuwa nao na wasifanane hata kidogo," akaendelea. "Mmoja unamsumbua viungo na ngozi, anazeeka nao. Mwingine unamwingia ndani. Ndiyo maana tulipeleka damu Dar. Kuna vipimo vinavyotuonyesha ugonjwa unaelekea wapi kabla haujafika."

"Na wangu unaelekea wapi?"

Sijui kwa nini nilisema wangu.

"Kuna kipimo kimoja kimepanda sana. Kingine kimeshuka sana. Hivi viwili vikienda hivyo kwa pamoja, mara nyingi zinazofuata ni figo."

"Lakini mimi najisikia mzima."

"Naona. Nikikutazama, hata mimi nakuona mzima. Figo hazipigi kelele, mwanangu. Siku zikianza kupiga kelele, huwa tumeshachelewa."

Halafu akavaa miwani, akaanza kunisomea nilichokuja kulalamikia siku ile ambayo sikuja.

Vidole kuvimba na kukakamaa asubuhi. Nywele kunyonyoka. Wekundu kwenye mashavu, kuvuka pua, ukizidi baada ya jua. Uchovu.

Nikatazama vidole vyangu. Vyembamba. Vimetulia.

Nikaguswa na kitu. Kuna mtu nyumbani kwetu ambaye siku hizi hatoki mchana. Anajipaka poda hata akienda kulala. Juzijuzi alinipa chupa ya achari nimfungulie, akasema mikono ina mafuta.

Mdogo wangu, Shabnam.

"Daktari," nikasema, "huyo mtu si mimi."

Nikampa mikono aitazame. Nikavua mtandio, nikamwonyesha nywele. Akatazama kwa muda mrefu. Akaivua miwani.

"Nani katumia jina lako?"

Nilishajua. Mama alikuwa ameniomba kadi yangu ya bima, akasema anataka dawa ya presha. Picha ya kwenye kadi ilipigwa nikiwa msichana. Mimi na Shabnam tumefanana, ukituona haraka unakosea. Jina langu, namba yangu ya simu, damu yake. Ndipo simu ikaja kwangu.

Daktari Leticia alikasirika, nikaona shingo inavyomvimba. Lakini hasira akaimeza.

"Hayo ya kadi tutayasema siku nyingine. Mlete huyo binti. Hata akikwambia ni mzima, mlete hivyo hivyo na uzima wake."

Nikatoka. Nje kuna mtu anauza madafu. Nikanywa dafu zima, sikulisikia ladha.

Nyumbani kwetu ni nyuma ya duka. Tunauza vifungo, nyuzi, zipu na lesi za kushonea. Alilianzisha babu, akamwachia baba, baba alipofariki likabaki kwa Mama. Sisi ni Wahindi wa Ngamiani, hatuna kwetu pengine.

Nilimkuta Mama kakaa kwenye mkeka anafunga mithai, zile tamutamu za Kihindi za harusi, kwenye visahani. Shabnam alikuwa anakaribia kuolewa. Mchumba anaitwa Raheel, kijana wa Nguvumali, kwao wanauza vipuri vya pikipiki. Kijana mpole, ana heshima zake. Mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari.

"Mama, ulimpeleka Shabnam hospitali kwa jina langu?"

Hakushtuka. Hakuacha hata kufunga mithai.

"Punguza sauti."

"Wamenipigia simu, Mama. Ana ugonjwa mkubwa."

"Naujua."

Neno hilo lilipita hivi hivi. Nilidhani anamaanisha yule daktari wa kwanza alishambashiria siku walipokwenda.

"Sasa kwa nini mimi?"

Hapo ndipo akainua uso. Mama yangu anaitwa Batulbai, na ukimuuliza mtu yeyote pale mtaani atakwambia ni mwanamke mwenye ulimi mtamu. Alinijibu kwa sauti ileile ya kumwelekeza mteja uzi ulipo.

"Kwa sababu wewe umeshaachika, mwanangu. Jina lako litapungukiwa nini? La mwenzio bado jipya."

Nilisubiri niumie. Sikuumia. Ilikuwa kama ule mkono unaoamka nao umeulalia, unaubonyeza na hauhisi kitu.

"Daktari anasema figo."

"Ataolewa kwanza. Akishakuwa kwa mumewe atatibiwa. Nani atamchukua na ugonjwa wake mkononi?"

"Figo hazingoji harusi, Mama."

"Wewe ndiye unayejua kungoja?" akasema, akarudi kwenye visahani vyake.

Nikamfuata Shabnam chumbani. Nikafunga mlango, nikamwambia yote, kama nilivyoambiwa. Kilichopanda, kilichoshuka, kinachofuata.

Akakaa kitandani.

"Mama aliniambia ni upungufu wa damu," akasema. "Akasema tutumie kadi yako kwa ajili ya bima tu."

"Sasa umejua. Kesho twende."

"Lakini dada, mbona mimi mzima? Hivi vidole vinaniuma asubuhi tu, ikifika saa nne vimeshafunguka. Hiyo damu inajua nini kunishinda mimi?"

"Inajua kinachokuja."

Akafikicha vile vidole.

"Kama kinakuja, acha kinikute nimeolewa."

Nikamwambia Shabnam, utakufa. Nililisema kavu vile, kama nasema mvua itanyesha. Akageukia ukutani.

Nikamwomba siku iliyofuata. Nikamwomba na nyingine. Asubuhi kabla ya kazi, jioni nikirudi. Jibu lake likawa moja, "Baada ya harusi, dada." Mama akipita anatusikia, anaondoka. Mtu mzima huwezi kumbeba begani ukampeleka hospitali.

Daktari Leticia akanipigia. "Vipi, yuko wapi?" Nikamwambia hataki. Akashusha pumzi. "Usichoke," akasema.

Sikuchoka. Kuchoka nako kunataka mtu awe anahisi.

Sasa Tanga ni ndogo. Nani aliniona hospitali, nani alisikia jina langu dirishani, sijui. Nilianza kuona wanawake wanaokuja kununua zipu wananiangalia kwa upole.

"Unaendeleaje, Insiya mwaya?"

"Salama."

"Mungu mkubwa. Utapona."

Mmoja, Mastura, mshonaji wa mtaa wa nyuma, alinikumbatia mbele ya watu akalia. Mimi ndiye niliyembembeleza.

Mama akawa anaona yote hayo kutoka kwenye kaunta. Hesabu zake zilikuwa zimekaa sawa, jina langu limebeba ugonjwa, la Shabnam safi.

Kumbe hesabu zenyewe zilikuwa na tundu. Watu hawasemi Insiya mgonjwa. Watu wanasema ile nyumba ina ugonjwa wa damu.

Maneno yakafika Nguvumali.

Raheel alikuja dukani mchana, duka halina mteja. Akatusalimu vizuri, akamwamkia Mama. Nikamletea soda. Akaishika tu.

"Dada Insiya, unisamehe," akasema. "Kuna maneno yamefika nyumbani. Mama yangu hali, halali. Anasema wewe unaumwa ugonjwa wa kurithi."

Kabla sijafungua mdomo Mama akajibu.

"Ni kweli anaumwa, mwanangu. Lakini si wa kurithi, tuliza moyo. Ni mawazo ya talaka. Tangu aachwe damu yake imeharibika. Kwetu hakuna ugonjwa."

Mimi nimesimama hapo hapo. Nikatazama bobini za uzi kwenye kabati. Buluu, kijani, kijani iliyopauka. Nikawaza kijani iliyopauka imekwisha, iagizwe.

Raheel hakumtazama Mama. Alinitazama mimi.

"Nataka kusikia kwako, dada. Ukiniambia ndiyo, nitaenda kumwambia mama yangu ni wewe tu, na harusi iko palepale."

Mnaelewa nilipowekwa? Neno moja, ndiyo, mdogo wangu anaolewa. Na akishaolewa hatatibiwa, maana atazidi kuficha, safari hii anaficha kwa mume na kwa mama mkwe. Neno moja, hapana, nimemvunjia harusi.

Nikafungua mdomo kusema hapana.

Pazia la nyuma likafunguka.

Shabnam. Hana poda. Nilikuwa sijauona uso wake mtupu kwa muda mrefu. Wekundu umelala mashavu yote mawili na juu ya pua, kama amepigwa kofi na mtu mwenye mikono miwili mikubwa.

"Damu ni yangu, Raheel," akasema. "Dada hana kitu."

Mama akasema, "Shabnam, rudi ndani."

Hakurudi.

"Tulitumia jina lake. Mwanzo sikujua ni ugonjwa gani. Nilipoambiwa, nikanyamaza ili unioe. Wamesema utaingia kwenye figo."

Raheel akaiweka soda juu ya kaunta. Taratibu, kama anaogopa kuvunja kioo.

"Asante kwa kuniambia," akasema.

Akatoka. Akasimama kidogo barazani, nikadhani atarudi. Akawasha pikipiki.

Kesho yake dereva wao alirudisha sinia za mithai tulizowapelekea, maana yake harusi imevunjika. Mama akazipokea, akaziweka mezani. Hakuna aliyekula. Sisimizi walikuja, tukawaacha.

Sitamsema vibaya Raheel. Baadaye nilisikia kaoa Dar. Kila mtu ana mama nyumbani kwao.

Shabnam hakulia. Niliamka asubuhi nikamkuta kasimama mlangoni, kavaa, mkoba begani.

"Twende, dada."

Safari hiyo alijiandikisha kwa jina lake.

Mkojo ulipopimwa, figo zilishaanza kupitisha protini. Alipelekwa hospitali ya rufaa Moshi wakamtoa kipande kidogo cha figo cha kupima, akarudishwa Tanga kulazwa kwa Daktari Leticia. Damu ilikuwa imesema kweli. Ugonjwa ulikuwa umeshafika mlangoni kwa figo, miguu haijavimba hata kidogo, na yeye bado anasema ni mzima.

"Umeanza," daktari akatuambia. "Lakini ndiyo kwanza umeanza. Hapa tunaweza."

Wakamwanzishia dawa kali. Akawa anatapika. Uso ukavimba kwa dawa.

Mama alikuwa anakuja wodini na wali laini wa dengu kwenye kontena, anakaa, hasemi. Tangu siku ile ya dukani alikuwa hajatuambia neno la maana. Daktari alipotuuliza mwanzoni kama kuna mwingine katika familia mwenye ugonjwa huu, Mama ndiye aliyejibu. "Hakuna."

Siku moja mchana Mama alikuwa anamchana Shabnam. Nywele zikaja na kitana, fungu zima. Mama akalishika lile fungu, akalikunjakunja, akaliweka kwenye mfuko wa gauni lake.

Daktari Leticia akaingia kwenye raundi yake.

"Daktari," Mama akasema. "Uliuliza katika familia."

"Ndiyo, mama."

"Niandike mimi."

Nikadhani sikusikia.

"Nilianza nikiwa mdogo kuliko huyu," Mama akasema, na sauti ileile ya kumwelekeza mteja. "Vidole. Uso. Homa za hapa na pale. Mama yangu akaniambia nyamaza, olewa kwanza. Nikanyamaza, nikaolewa. Baina ya hawa wawili mimba ziliharibika, tukaambiwa ni jicho la watu. Nikawa nameza dawa za maumivu za dukani, zikinizidi nalala, nasema kichwa. Baba yao kafa hajui."

Shabnam alikuwa amekaa wima kitandani.

Nikalikumbuka lile neno lake, naujua. Nilitaka kumuuliza Mama mambo mengi sana. Nikajikuta namtazama tu, kama namtazama mtu kwenye foleni ya benki.

"Mimi nimefika umri huu," Mama akaendelea. "Nimezaa. Nimezika mume. Naendesha duka. Sasa niambie, daktari, kama mimi nilinyamaza nikafika, kwa nini yeye asingefika?"

Daktari hakumjibu siku ile. Akamtoa damu.

Majibu yaliporudi alituita wote watatu. Akamgeukia Mama.

"Ni kweli unao, mama. Ugonjwa ni uleule. Lakini kile kipimo kilichopanda kwa binti yako, kwako hakipo. Kile kilichoshuka kwake, kwako kimesimama pale pale. Figo zako zimechoka kidogo, na hizo ni zile dawa za maumivu. Ugonjwa wenyewe haukuwahi kuzigusa. Wako ulikuwa wa viungo na ngozi. Wa binti ungeondoka naye."

Mama akafikiri.

"Kwa hiyo haikuwa kunyamaza kwangu ndiko kulikoniponya?"

"Hapana, mama. Ilikuwa bahati."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akaweka mikono yake mapajani, akaiangalia. Miaka yote hiyo, alimwonyesha binti yake njia aliyoiamini, kwa sababu yeye ilimfikisha. Hakuwa na ubaya. Na angemuua.

Nilisubiri hasira ije. Niliisubiri siku ile, na wiki zilizofuata. Haikuja. Huruma nayo haikuja. Nilimshika Mama mkono tukavuka barabara, kwa sababu kulikuwa na bodaboda nyingi.

Daktari alinipima na mimi. Yangu ilirudi safi. Nikasema asante, nikarudi kazini.

Leo Shabnam anaishi. Anameza dawa kila siku, anapimwa damu kila daktari anapomwita, na vile vipimo vyake viwili vimetulia. Figo zinafanya kazi. Nywele zimeota, fupi. Yeye ndiye anayekaa kaunta sasa, uso mtupu, na mteja akimkazia macho anamwambia, "Ni lupus. Unataka zipu ya rangi gani?"

Mama anatibiwa pia. Kwa jina lake.

Mimi mpaka leo kuna watu Ngamiani wananiuliza naendeleaje. Najibu alhamdulillah. Kueleza ni kazi.

Nimeandika hapa kwa ajili ya mtu mmoja, wewe uliye na binti, au mdogo wako, au rafiki, na unamwambia "hata mimi nilikuwa hivyo, itapita." Labda kwako ilipita. Lakini maradhi ya jina moja hayana mwendo mmoja. Mpeleke mwenzio akapimwe yeye, kwa damu yake na kwa jina lake.

Bahati yako usimpe mtu kama dawa.